Saga ya Beth na Kuku wa Chelagat

Jumanne, 12 Machi

Vumbi bado. Mlima Elgon hauonekani, na mvua kila mtu anaisubiri huku akijifanya hana haraka nayo.

Rosaline alipiga simu asubuhi. Binti yangu ameolewa Misikhu, kwa kina Wabwile, na ana mimba ya kwanza. Mwisho wa Juni, anasema. Kila anachokula kinarudi. Mama mkwe wake amempikia mboga ya saga ya shambani kwao, ameitapika. Mwenyewe amenunua ya sokoni Webuye, ameitapika pia.

"Baba, nikizaa nataka kula ile ya Mama," akasema. "Si uko na mbegu?"

Nikasema niko nayo. Nikasema utaipata, hata kama ni kuilima na meno. Kisha simu ikakatika nikabaki nimeketi, kwa sababu tangu nizaliwe sijapanda mboga hata moja. Mimi ni mtu wa mahindi. Bustani ya nyuma ilikuwa ya Beth, na Beth tulimzika Agosti.

Waandishi wa vitabu huiita mgagani. Kwetu ni saga tu. Ya Beth ina mashina ya zambarau na uchungu wa kukukunja uso. Alisema ni mboga ya waliotokwa na damu, na kila mwanamke aliyezaa upande wetu huu wa Kitale alipelekewa sufuria, awe rafiki au awe mtu wa kununiana.

Si mboga anayoitaka huyu mtoto, najua. Anamtaka mama yake. Mama siwezi kumpelekea. Mboga, labda.

Mkebe upo pale pale juu ya jiko la kuni, mkebe wa kakao uliogeuka mweusi kwa moshi. Ndani mbegu ndogo kama viroboto. Nimeufunga tena upesi, niliogopa kupiga chafya.

Jumamosi, 16 Machi

Mvua ya tone moja moja mchana, kisha ikajuta ikarudi. Nililala kwenye kiti. Nikamwona Beth bustanini, amenipa mgongo. Kiwiko kilikuwa kinaenda kama cha mtu anayechuma kunde. Sikuona ameshika nini. Nilipoita, nikaamka.

Mzee wa kanisa kama mimi haoti ndoto za mchana. Nimeandika hapa tu, basi.

Alhamisi, 21 Machi

Mvua! Imepiga mabati hadi redio nikaizima. Harufu ya udongo imeingia mpaka kitandani.

Nimepanda saga. Nimepima mistari kwa kamba, nimechimba mashimo kwa jembe, nikaweka mbolea ya kupandia, nikatia mbegu, nikafunika nikakanyaga kwa kisigino. Nusu ya mkebe. Ukiona mistari ile utadhani ni shamba la maonyesho. Beth alikuwa akirusha tu, kama anayelisha kuku. Nimemwambia moyoni: leo umepata mkulima.

Jumatano, 27 Machi

Hakuna kitu.

Jumapili, 31 Machi

Pasaka. Hakuna kitu. Mahindi yangu yameota yote.

Alhamisi, 4 Aprili

Kuku wa Chelagat wameingia nyuma ya nyumba na kufukua mistari yangu yote. Yote! Jogoo ndiye alikuwa anaongoza.

Chelagat ni jirani yangu wa upande wa chini, mjane aliyetoka Cheptais kuja kuolewa huku. Yeye na Beth walikuwa chanda na pete. Mimi naye, tangu mazishi, ni salamu za juu ya ua. Leo hata salamu haikuwepo.

"Mama Kiplagat, funga kuku zako!"

"Kuku hafungwi, Baba Rosa. Kuku ni mbuzi?"

"Zimeniharibia saga!"

"Saga gani? Kuku haikuli kitu haiko."

Nimewarushia kuku wake gunzi, nimemkosa jogoo pia.

Ijumaa, 5 Aprili

Kuku tena. Nimewaacha. Wafukue wachoke, hakuna kitu huko.

Jumatatu, 8 Aprili

Mvua ya asubuhi, jambo la ajabu. Chelagat alikuja mwenyewe, amejifunika gunia. Kumbe Rosaline amempigia.

"Nionyeshe vile ulipanda," akasema, hata kiti hakukitaka.

Nikamwonyesha. Nikamwambia shimo linafika hapa, nikashika kiungo cha pili cha kidole. Nikamwambia mbolea. Nikafika kwenye kisigino, na hapo mama wa watu akaketi chini matopeni akacheka mpaka akashika mbavu.

"Woi! Baba Rosa! Ati ulipanda saga kama mahindi! Hiyo mbegu itatoka huko chini na ngazi?"

Nilikasirika. Kisha nikaona anafuta machozi, na si ya kucheka tena. Alisema Beth angecheka hivyo hivyo. Ni kweli, angecheka zaidi.

Nikamwuliza kwa nini yeye hana mbegu, kama walikuwa wanapika pamoja siku zote. Akasema mbegu ilikuwa ya Beth, yeye alikuwa na ng'ombe. "Yeye saga, mimi maziwa. Nani angejua mmoja ataenda?" Tangu Agosti hajaipika. Anasema maziwa peke yake anakunywa tu, lakini hayana hadithi.

Tumechanganya nusu ya mkebe iliyobaki na mchanga mkavu. Akanionyesha namna ya kuimwaga juu juu na kuipapasa kwa tawi. Safari hii ni mbele ya nyumba, nimezungushia waya wa kuku na lango dogo. Chelagat aliutazama waya akaujaribu kwa kidole. Alipoondoka nikasema asante, akageuka kwa ukali.

"Beth hakukufundisha? Mbegu haipewi asante. Ukiishukuru haioti."

Nilikuwa nimesahau. Ilikuwa sheria ya Beth hiyo, alimkemea kwayo hata mke wa pasta. Nimelirudisha neno langu kwa kutema mate pembeni, ingawa sijui kama linarudi.

Jumapili, 14 Aprili

Imeota!

Jumatatu, 15 Aprili

Nimeenda kuihakikisha mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri. Vijani viwili viwili. Udongo umekuwa kijani kidogo, ukiinama.

Jumanne, 30 Aprili

Mvua kila alasiri, saa ile ile, kama mgeni anayejua chakula kinaiva lini. Nalala, nasikia mabati, namwona Beth. Daima mgongo. Daima kiwiko. Juzi alikuwa amevaa ile sweta ya manjano aliyofumiwa na Rosaline, na mvua haikumlowesha. Naamka nikiwa na furaha ya mtu aliyepita kwa jirani akakuta watu wapo.

Kuku wa Chelagat bado wanashinda kule nyuma. Magugu yamewafika mgongoni. Sijapagusa.

Alhamisi, 9 Mei

Nimechuma majani ya kwanza nikajipikia. Yalikuwa machungu kama dawa ya malaria. Nimekula yote kwa ukaidi.

Jumamosi, 18 Mei

Saga imetoa maua, meupe yenye ndevu ndefu. Nilimwita Chelagat aje aone uzuri. Akapita katikati ya mistari akayakata yote kwa ukucha wa gumba, moja baada ya jingine, kama hana huruma.

"Ukiachia ua, majani inachoka," akasema. "Mti inafikiria imemaliza kazi. Kata, kata, kila siku kata."

Nilisimama kama niliyepigwa na radi. Kiwiko chake kilikuwa kinaenda namna ile ile. Beth alikuwa na ukucha wa gumba wa kijani miaka yote, nami nilidhani ni sabuni ya kufulia.

Jumapili, 19 Mei

Nimekata maua kabla ya kanisa. Alasiri nilipolala, Beth alikuwa pale pale. Bado kanipa mgongo. Lakini alisogea kidogo kando, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kufanya kazi.

Ijumaa, 24 Mei

Wadudu weusi wadogo chini ya majani, wale wa kunata. Chelagat amekwenda Cheptais kwa dada yake. Nakumbuka Beth alitumia maji ya sabuni. Nimeyachemsha, nimeyapoza, nimeyatia kwenye pampu ya mgongoni nikapulizia jani kwa jani, juu na chini, hata yasiyo na mdudu. Nilikuwa naimba.

Jumatatu, 27 Mei

Imekufa.

Jana majani yalianza kujikunja, nikadhani ni baridi ya usiku. Leo mashina yamejinyonga, mengine yamelala chini yakageuza vichwa kama yaliyovunjwa shingo. Hakuna hata mche mmoja uliosimama ndani ya waya.

Chelagat alirudi mchana akaja moja kwa moja, bado na kiondo mkononi. Akainusa mimea. Akasema, "Pampu gani?"

Nikamwonyesha. Ile ya bluu, pampu yangu moja.

"Ulikuwa umeweka nini mbele?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Mwezi uliopita niliyapulizia mahindi dawa ya magugu kwa pampu ile ile. Dawa ile haigusi mahindi, inaua kila chenye jani pana. Niliiosha kwa maji mara moja, ikaonekana safi, nikaitundika. Saga ni jani pana. Mtoto mdogo wa Trans-Nzoia anajua jambo hili. Mimi nimelima huku tangu baba yangu aliponileta kutoka Nyeri nikiwa mgongoni kwa mama, na nimelisahau kwa sababu sabuni haikuwa dawa, na kwa sababu nilikuwa naimba.

Nilitaka Chelagat anicheke. Hakucheka. Alichota udongo akauachia upite kati ya vidole.

"Mkebe?" akauliza.

"Mtupu."

"Hata moja?"

Tukaenda jikoni tukaupindua mkebe juu ya karatasi. Ilitoka vumbi na mguu wa mende. Chelagat akaketi kwenye kigoda cha Beth. Sijawahi kumruhusu mtu kukikalia tangu Agosti, lakini leo nimemwacha.

Nimeiua mbegu ya mke wangu. Naiandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyo. Beth amekufa mara moja kwa ugonjwa, na mara ya pili kwa mkono wangu. Rosaline amebakiza mwezi mmoja.

Jumanne, 28 Mei

Sikulala mchana. Niliogopa kumkuta.

Jumamosi, 1 Juni

Rosaline amepiga. Miguu imevimba lakini sauti ina raha. "Saga yetu inaendeleaje?"

Nikasema vizuri.

Kisha nikaenda mjini Kitale nikazunguka sokoni nikitafuta yenye mashina ya zambarau. Nikapata fungu moja linalokaribia. Mama muuzaji akaniuliza kama ni ya mgonjwa, nikasema ni ya mzazi, akaniongezea kishada. Njiani nilipanga uongo wote: nitaikaanga kidogo, nitaiweka maziwa mengi, mtoto amechoka, ataonja nini?

Nyumbani niliipika kuijaribu. Ilikuwa laini, tamu, ya watu wengine. Nikaimwaga kwa ng'ombe.

Alhamisi, 6 Juni

Mvua imepumzika leo, jua la kupepesa. Nilichukua fyekeo nikaenda nyuma ya nyumba kuyashusha yale magugu, nipate cha kufanya na hasira.

Nilifyeka kwa nguvu zangu zote, magugu yanaruka. Na katikati ya kufyeka, harufu ikanipanda puani. Kali, ya kuchoma kidogo, kama haradali na jasho. Mkono ukasimama wenyewe hewani.

Nilipiga magoti nikaachanisha majani kwa mikono. Shina la zambarau. Jingine. Jingine, na moja nililokuwa nimelikata nusu, maskini. Zimekaa ovyo ovyo, hakuna iliyo kwenye mstari, zingine ndefu kupita kiuno changu, zimetoa maua na maganda mapya juu. Kuku watatu wa Chelagat walikuwa wanazipitia chini kama wenye nyumba.

Nilikaa pale matopeni mpaka kichwa changu kikapata njia. Mbegu nilizozika chini kama mahindi. Kuku waliofukua. Walizitoa shimoni wakazitupa juu juu, mahali Beth angezirusha, na magugu ambayo sikuyafyeka kwa kununa yakazificha. Pampu haikufika huku kwa sababu nilipanunia mahali hapa.

Nimekwenda kwa Chelagat nikikimbia, mzee mzima. Nilipofika pumzi imeniishia, nikaweza kusema tu, "Kuku zako."

"Zimefanya nini tena?" akaja na mkono kiunoni, tayari kwa vita.

Nikamshika mkono, jambo ambalo sijalifanya maishani, nikamvuta mpaka nyuma ya nyumba. Alipoona, akaanza kukata maua. Nami nikaanza upande mwingine.

Alipofika kwenye mashina matatu ya mwisho, yale yenye maganda, akaacha. "Hizi tatu hatugusi," akasema. "Hata mtoto akilia."

Alasiri nililala kama mtoto. Beth hakuja. Haikuniuma.

Jumamosi, 15 Juni

Wabwile, mume wa Rosaline, alipiga alfajiri, sauti haikai. Rosaline amejifungua kabla ya siku zake, msichana. Mtoto mdogo lakini mzima. Mwenyewe ametokwa na damu nyingi sana. Wamemwongeza damu hospitalini.

"Lakini anaongea?" nikauliza.

"Anaongea, Baba. Kidogo. Amekataa chakula. Anageukia ukuta."

Nilichuma saga yote isipokuwa zile tatu. Ilijaza kikapu kimoja tu, na mboga hii ikipikwa husinyaa ikawa ya kuaibisha. Nikaitazama ile kikapuni nikatamani sana yale mashina matatu na majani yake. Nilisimama mbele yake na kisu. Mtoto wangu amegeukia ukuta, mimi naweka akiba ya mboga? Chelagat alikuwa mlangoni mwa jiko lake, ananitazama kutoka kwake. Mwishowe nikakirudisha kisu. Beth angenipiga na mwiko, kwa upande wowote ule, lakini kwa kuua mbegu angenipiga zaidi.

Tumepika kwa Chelagat. Mimi nilichambua, yeye alichochea moto. Maji ya kwanza tukamwaga, ya pili tukabakiza. Kisha maziwa, kidogo kidogo, na kungoja, na maziwa tena. Nilikuwa nadhani upishi ni moto. Kumbe mwingi ni kungoja. Ameifunika, italala kwenye chungu mpaka kesho kutwa iyanywe maziwa yote.

"Wakati Kiplagat alizaliwa," akasema, "Beth alinilisha hii na kijiko, kama mtoto. Nilikuwa nimekasirikia dunia. Akaniambia, kasirika lakini meza."

Jumatatu, 17 Juni

Misikhu. Naandika chini ya mti wa parachichi nyuma ya nyumba ya Wabwile, kwa sababu ndani wamelala.

Nilifika saa nne, chungu nimekipakata njia nzima. Mama Wabwile alinipokea langoni kwa mikono miwili.

"Mulembe, mkwe. Kalibu, kalibu. Huyu mtoto wako hataki kura kitu, tumeshindwa."

Mtoto mchanga alikuwa analia. Alikuwa analia tangu jana walipotoka hospitalini, walisema, ananyonya kidogo analia. Rosaline alikuwa amegeukia ukuta kweli. Shingo imekuwa nyembamba. Nilipofunua chungu alisikia harufu kabla ya kuniona, nikaona bega likitikisika.

"Hii ni ya Mama?"

"Ni ya Mama."

Nashukuru kwamba ilikuwa kweli. Sauti yangu isingeuweza uongo ule.

Nilimlisha kwa kijiko. Sijamlisha tangu akiwa na meno mawili. Kijiko cha kwanza alikishika mdomoni, nikajua sasa kitatoka. Akameza. Cha pili. Cha tatu machozi yakaanza kushuka, lakini mdomo ukafunguka tena, ukangoja.

"Ni chungu, Baba," akasema.

"Ndiyo."

"Ni chungu vizuri."

Alikula yote. Akataka na kile kilichoshika pembeni mwa chungu.

Mtoto bado alikuwa analia. Mama Wabwile akamchukua akamtembeza. Akasema amejaribu majina ya watu wa boma lao waliotangulia, mmoja mmoja, na mtoto anaendelea tu. Kwao mtoto hapewi jina hivi hivi, hulia mpaka atajwe marehemu anayerudi ndani yake. Kuna mtu anataka kurudi, akasema, na hatujamtaja.

"Ni nani amekuja kwa ndoto? Wabwile?"

"Mimi sijaota, Mama."

"Losaline?"

Rosaline akatikisa kichwa. Mama Wabwile hakuniuliza mimi, kwa heshima, na kwa sababu mimi ni mtu wa nje. Ningeweza kunyamaza. Nilimfikiria pasta. Nikatazama chungu kitupu.

"Mimi nimeota," nikasema. "Tangu mvua ianze. Mke wangu."

Mama Wabwile akasogea karibu, mtoto begani.

"Alisema nini?"

"Hasemi. Anakata maua ya saga. Amenipa mgongo."

Mama Wabwile akaniangalia, kisha akamwangalia mwanawe. Wabwile akaitikia kwa kichwa. Mama Wabwile akamwinamia mtoto akamwita polepole, Beth. Akamwongezea Nafula, kwa sababu amekuja na mvua.

Sitasema alinyamaza hapo hapo. Aliendelea kulia kidogo, kwa adabu, kisha akatafuta titi. Rosaline akamgeukia, na ukuta ukabaki nyuma yake.

Jumapili, 11 Agosti

Rosaline ana mashavu tena. Amenitumia picha, mtoto amekunja uso kama aliyeonjeshwa kitu.

Maganda ya zile tatu yamekauka. Nimeyapura juu ya gunia leo alasiri, kijua kidogo, upepo hakuna. Mbegu zimejaza mkebe chini ya nusu. Nikagawa sawasawa, nikafunga fungu moja kwenye kitambaa cha Beth cha kichwa, nikampelekea Chelagat.

Alikifungua, akatazama, akakifunga tena akakitia kifuani. Hakusema asante. Nami nilisimama pale nikiisikia jinsi asivyoisema, na sijawahi kupewa shukrani kubwa kama ile.

"Pampu umenunua ingine?" akauliza.

"Nimenunua. Ya njano."

"Haya."

Niliporudi nyumbani nimefungua lango dogo la waya, nikaliegemezea jiwe lisijifunge. Jogoo alichungulia kwanza, haniamini. Kisha wameingia wote.